Joseph Whitworth: Kijana Aliyehepa kwa Mjombake Akaipa Dunia Nati Moja, na Mbona Spana Yako Bado Haitoshi

Kama uko na moti ya zamani ya Kiingereza, iwe ni Land Rover za kwanza kwanza ama MG ya miaka ya arobaini, hii vita unaijua. Unashika spana ya 13, inakataa kuingia kwenye nati. Unashika ya 14, inaingia lakini inacheza. Ukilazimisha, pembe zinakatika, nati inabaki mviringo kama kitufe cha shati, na hapo ndio shida inaanza sasa.

Wengi hulaumu kutu. Wengine wanamlaumu fundi. Lakini mara nyingi nati iko fiti na spana iko fiti, ni vile tu hazijuani. Hiyo nati inafuata vipimo vya jamaa mmoja aliyezaliwa zaidi ya miaka 200 iliyopita, na spana yako inafuata vipimo vya watu wengine kabisa.

Jamaa mwenyewe anaitwa Joseph Whitworth. Cha kushangaza ni kwamba alitumia maisha yake kupigana na shida hii hii inayokusumbua.

MTOTO WA MWALIMU, KIBARUA CHA PAMBA

Whitworth alizaliwa 21 Desemba 1803 mjini Stockport, karibu na Manchester, Uingereza. Babake, Charles, alikuwa mwalimu na baadaye akawa mhubiri. Mamake alifariki Joseph akiwa bado mtoto, na familia ikatawanyika. Yeye akapelekwa shule huko Idle, karibu na mji wa Leeds.

Alipofika miaka 14, masomo yakaisha. Alipelekwa Derbyshire kwa mjombake aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba. Mpango wa wazee ulikuwa rahisi: kijana ajifunze biashara, akomae, halafu siku moja awe mwenye mali.

Kwa vijana wengi hiyo ingekuwa bahati ya mtende. Joseph hakuvutiwa na pamba hata kidogo. Kilichomvutia ni mashine. Alizisoma moja baada ya nyingine mpaka akazijua zote, na kitu kimoja kikamkera sana: zilikuwa zimeundwa ovyo. Vipande vilikuwa vinagongana, vinalegea, na kila kimoja kilipigwa tupa kwa mkono mpaka kikubali kukaa mahali pake.

Baada ya miaka michache, akahepa. Hakusubiri ruhusa ya mjomba wala ya buda. Alienda Manchester na kuanza kibarua cha fundi wa kawaida, mikono kwenye grisi. Kwa macho ya familia, alikuwa ameitupa nafasi ya kuomoka.

LONDON, KWA MABINGWA WA CHUMA

Mwaka wa 1825 alioa Fanny Ankers, na mwaka huo huo akaelekea London. Huko alipata kazi kwa Henry Maudslay, ambaye karakana yake ya Lambeth ndiyo ilikuwa chuo kikuu cha mafundi wa enzi hizo. Ukitaka kujua ni nani alikuwa noma kwa chuma Uingereza, ungeuliza nani amepitia kwa Maudslay.

Ni London ndiko Whitworth alishughulikia kitu kinachoonekana kidogo lakini ndicho msingi wa kila mashine: namna ya kupata uso wa chuma ulionyooka kabisa. Siri ilikuwa kutumia sahani tatu za chuma, si mbili.

Fikiria hivi. Sahani mbili ukizilinganisha zinaweza kukubaliana na bado ziwe zimepinda, moja imebonyea na nyingine imevimba, zikakaa pamoja kama kofia na kichwa. Lakini ukileta ya tatu na kuzilinganisha zote kwa zamu, uongo unajitokeza. Zikikubaliana zote tatu, zimenyooka. Whitworth alikwangua sehemu zilizovimba kidogo kidogo kwa chombo cha mkono, badala ya kuzisugua kwa unga wa mchanga kama wengine walivyofanya.

Kabla ya kuondoka London alifanya kazi pia kwa Joseph Clement, yule fundi aliyekuwa akiunda mashine ya hesabu ya Charles Babbage, ambayo leo watu wa kompyuta wanaihesabu kama babu yao.

ANARUDI MANCHESTER NA JINA LAKE MLANGONI

Mwaka wa 1833 alirudi Manchester, akakodi nafasi na kuweka kibao mlangoni: yeye ni muunda vifaa, na ametoka London. Hiyo ya London haikuwa ya kujionyesha tu. Wateja walijua maana yake.

Akaanza kuunda mashine za kuunda mashine: za kukereza, za kuchonga, za kutoboa. Sifa yake ilikuwa moja: vipimo. Wakati fundi wa kawaida aliridhika akikaribia, Whitworth hakutaka kusikia neno karibu. Kwenye Maonyesho Makubwa ya London ya 1851 alileta mashine ya kupimia iliyoweza kutambua tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Watu walibaki midomo wazi.

KILA KARAKANA NA NATI YAKE

Sasa tuje kwa kile kinachokuhusu wewe na moti yako.

Kabla ya Whitworth, kila karakana Uingereza ilikata nyuzi za bolti kivyake. Tukisema nyuzi tunamaanisha ile mistari inayozunguka bolti, ile inayoshikana na nati. Karakana hii ilikuwa na nyuzi za kina, ile nyingine za juu juu. Huyu alikata kwa pembe kali, yule kwa pembe butu. Bolti ikipotea, ilibidi urudi kwa aliyeunda mashine, ama utengeneze mpya kwa mkono.

Na hiki kilikuwa kipindi cha reli. Gari la moshi lingeharibika mbali na kiwanda chake na kukwama kwa sababu ya bolti moja tu.

Whitworth angeweza kuja na uzi wake mpya na kulazimisha watu waukubali. Hakufanya hivyo. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, kisha akatafuta wastani wake. Mwaka wa 1841 aliwasilisha mpango wake kwa Taasisi ya Wahandisi wa Ujenzi mjini London: pembe ya uzi iwe nyuzi 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake ya meno kwa kila inchi. Bolti ya robo inchi, meno 20. Ya nusu inchi, meno 12. Ya inchi moja, meno 8.

Kwa kuwa ulikuwa wastani, hakuna karakana iliyoona imeshindwa na jirani. Kampuni za reli zikauchukua, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1850 ulikuwa umeenea karibu Uingereza nzima.

Vita vya Crimea vilipozuka katika miaka hiyo ya hamsini, jeshi la majini lilihitaji injini za maboti ya mizinga kwa haraka, karibu 90. Kazi ikagawanywa kwa karakana tofauti, kila moja ikaunda vipande vyake, halafu vikaunganishwa. Miaka 20 kabla, hiyo ingekuwa ndoto.

BUNDUKI ILIYOPIGA LAKINI HAIKUNUNULIWA

Serikali ilipomfuata imuulize kuhusu bunduki, Whitworth alifanya utafiti wa kwake na kutoa bunduki yenye mtutu wa pembe sita ndani, badala ya mviringo. Kwenye majaribio ya 1857 iliiacha mbali sana bunduki ya jeshi, Enfield, kwa kulenga.

Tarehe 2 Julai 1860, Malkia Victoria mwenyewe alifungua mashindano ya ulengaji huko Wimbledon kwa kufyatua bunduki ya Whitworth iliyokuwa imefungwa kwenye stendi. Umbali ulikuwa yadi 400, na risasi ikatua karibu katikati kabisa ya shabaha.

Lakini wapi! Jeshi halikuichukua. Ilikuwa ghali kuliko Enfield, na mtutu wake ulijaa masizi haraka. Baadhi zikaishia Marekani, mikononi mwa walenga shabaha wa majimbo ya Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Ukiangalia vizuri, hapo kuna somo. Kwa bolti, Whitworth alianza na kile ambacho watu walikuwa nacho tayari, na akashinda. Kwa bunduki, alitafuta ukamilifu bila kujali mfuko wa mnunuzi, na akabaki na sifa bila oda.

MDOSI ASIYE NA MTOTO

Pesa hata hivyo hazikumkosa. Mwaka wa 1868 alianzisha ufadhili wa masomo kwa vijana wa uhandisi: nafasi 30, kila moja pauni 100 kwa mwaka, ambazo wakati huo zilikuwa ganji ya maana. Alitaka wanaojua vitabu wajifunze kushika tupa, na wanaojua tupa wapate vitabu. Mwaka uliofuata akapewa cheo cha ubaroneti, akawa Sir Joseph.

Nyumbani mambo hayakuwa laini vile. Yeye na Fanny walitengana, na Fanny akafariki 1870. Mwaka uliofuata alimuoa Mary Louisa Orrell. Ndoa zote mbili hazikumpa mtoto.

Whitworth alifariki 22 Januari 1887 huko Monte Carlo, alikokuwa ameenda kutafuta afya, akiwa na miaka 83. Alizikwa Darley Dale, Derbyshire, kaunti ile ile aliyokuwa ametoroka akiwa kijana. Sehemu kubwa ya mali yake ilienda kwa jamii. Jumba la sanaa la Whitworth mjini Manchester limebeba jina lake mpaka leo, na pesa zake zilisaidia pia kuanzisha hospitali maarufu ya saratani ya Christie, mji huo huo.

SASA, MBONA SPANA HAITOSHI?

Kama alimaliza fujo, mbona wewe bado unasota chini ya gari? Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni nambari. Spana ya kisasa imeandikwa upana wa kichwa cha nati: 13 ni milimita 13 kutoka ubavu hadi ubavu. Spana ya Whitworth imeandikwa unene wa bolti yenyewe. Spana iliyoandikwa 1/4 W haina mdomo wa robo inchi. Mdomo wake ni inchi 0.525, sawa na milimita 13.3. Ndio maana ya 13 inakataa na ya 14 inacheza. Ile ya 5/16 W ni milimita 15.2, na ya 1/2 W ni milimita 23.4.

Sababu ya pili, wengine walikuja na mipango yao. Mwaka wa 1864 Mmarekani William Sellers alipendekeza uzi wa nyuzi 60. Waingereza wenyewe wakaongeza uzi wa BA kwa skurubu ndogo za umeme na vipimo, halafu karibu 1908 ukaja BSF, ambao ni uzi wa Whitworth wenye meno mengi zaidi kwa kila inchi. Huu BSF ndio umejaa kwenye magari ya Kiingereza ya zamani kwa sababu haulegei upesi gari likitikisika.

BSF ilikuwa na vichwa vidogo kidogo, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vichwa vya Whitworth navyo vikapunguzwa ili kuokoa chuma. Ndiyo sababu spana moja inaweza kuandikwa 1/4 W na 5/16 BS kwa pamoja. Mdomo ni ule ule, majina ni mawili.

Sababu ya tatu ni 1948. Mwaka huo Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kutumia uzi mmoja wa nyuzi 60, baada ya vita kuwaonyesha hasara ya washirika ambao bolti zao haziingiliani. Viwanda vya magari vya Uingereza vikahamia huko polepole katika miaka ya hamsini. Spana za uzi huo huandikwa AF, na nambari yake ni upana wa kichwa. Kwa hivyo 1/2 AF ni milimita 12.7, lakini 1/2 W ni 23.4. Zote zimeandikwa nusu, na moja inakaribia kuwa mara mbili ya mwenzake.

Na kuna vituko. Injini ya MG TC, gari lililouzwa kati ya 1945 na 1949, ina nyuzi za milimita lakini vichwa vya Whitworth. Ilitokana na kiwanda cha Coventry kilichokuwa cha Wafaransa wa Hotchkiss kabla Morris hajakinunua 1923. Mashine za kukata uzi zilikuwa za Kifaransa, spana za wateja zilikuwa za Kiingereza, basi wakachanganya.

UNAFANYAJE?

Kenya ilitawaliwa na Mwingereza hadi 1963, kwa hivyo hizi chuma bado zipo: kwenye maboma, kwenye mashamba, na zile zinazong'arishwa kwa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse. Kabla hujagusa ya kwako, fuata haya.

Anza na mwaka wa gari. Ya Kiingereza ya kabla ya miaka ya hamsini, tarajia BSF, Whitworth na BA. Ya katikati ya hamsini kuja mbele, tarajia AF, lakini usishangae ukipata mchanganyiko. Kabureta za SU, kwa mfano, ziliendelea na nyuzi za kizamani muda mrefu.

Pili, soma kichwa cha bolti. Ukiona viduara vitatu vilivyoshikana ubavuni, ama kishimo cha mviringo juu ya kichwa, huo ni uzi wa makubaliano ya 1948. Tafuta AF.

Tatu, pima kwa vania, usikisie. Ukipata milimita 12.7, ni 1/2 AF. Ukipata 13.3, ni 1/4 W. Tofauti ni ndogo sana, lakini ndiyo inayoamua kama nati itafunguka ama itakatika pembe. Kumbuka rangi na kutu huongeza upana, kwa hivyo sugua kwanza kwa brashi ya waya.

Nne, angalia uzi kabla ya kurudisha bolti. Bolti ya 3/8 ya Whitworth na ya 3/8 ya Kimarekani zote zina meno 16 kwa inchi. Zitaingiliana, utafikiri umeshinda. Lakini moja ni nyuzi 55 na nyingine 60, kwa hivyo zinashikana kwa ncha tu. Ile ya nusu inchi itakusaliti mapema, kwa sababu meno ni 12 kwa 13. Bolti yoyote sahihi inapaswa kuingia kwa vidole mizunguko kadhaa. Ikikataa vidoleni, usilete nguvu, hasa kama tundu ni la aluminiamu.

Tano, nunua spana zake. Seti ndogo ya kuanzia 3/16 W hadi 1/2 W itafungua sehemu kubwa ya gari. Zile za zamani za Britool ama King Dick ni kali sana, lakini angalia mdomo usiwe umepanuka. Chukua ringi ama soketi ya pembe sita, kwa sababu inashika ubavu wa nati badala ya ncha. Spana malaya iache kando, na koleo usiitaje. Kama guka alikuachia sanduku la spana zenye herufi W ama BS, tafadhali usiziuze kwa wa vyuma kuukuu.

Mwisho, usikubali mtu akate tundu upya aweke uzi wa milimita kwa sababu bolti ya milimita iko karibu. Leo utaondoka. Kesho fundi mwingine atakuja na spana sahihi ya hilo gari, akute bolti isiyolingana na zingine, na fujo aliyoikuta Whitworth itakuwa imerudi, safari hii ndani ya gari moja.

UNAMTUMIA BILA KUJUA

Hata kama huna gari, huyu mzee uko naye kwa nyumba. Bomba za maji tunazotumia Kenya hufuata uzi wa Kiingereza wa bomba, na pembe yake ni ile ile ya nyuzi 55. Ndiyo maana unaweza kununua mfereji duka moja na kiungo duka lingine, ukafunga na maji yasivuje. Na kama spana ya W, jina si kipimo utakachokipata: bomba ya nusu inchi ukiipima kwa nje inakaribia milimita 21.

Kijana aliyekataa kurithi kiwanda cha pamba hakumwachia mtoto wake chochote, maana hakuwa naye. Alichoacha ni makubaliano kwamba nati ya huku itaingia kwenye bolti ya kule. Yanafanya kazi mpaka leo, bora tu ujue bolti yako ilikubaliana na nani.

Je, kwenu kuna moti ya zamani ambayo nati zake zimeshinda kila fundi? Kabla hujaita welda, tafuta spana yenye herufi W.